ALAMA YA HALALI NA MTU MWENYE MZIO WA NYAMA



Ndugu wa hapa Kawetele ameuliza: mtu aliyekatazwa nyama na daktari kwa sababu ya mzio, akiona alama ya HALALI kwenye pakiti, ale tu? Jibu ni HAPANA. Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 2000 huko Marekani, wagonjwa wa saratani walikuwa wakipewa dawa iitwayo setuksimabu. Katika majimbo ya Tennessee na North Carolina wengi walipata mshtuko wa mzio kwa dozi ya kwanza tu! Mwaka 2008 timu ya Profesa Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia ikaeleza sababu: miili yao tayari ilikuwa na kinga dhidi ya sukari iitwayo alfa-gal. Sukari hiyo imo kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, hata sungura. Kuku na samaki hawana. Australia nako, Dk. Sheryl van Nunen alikuwa ameshagundua kuwa wagonjwa wake wa mzio wa nyama waliwahi kuumwa na kupe. Platts-Mills mwenyewe aliumwa na kupe wengi mwaka 2007. Baadaye akala nyama ya kondoo, na saa kadhaa zikapita ndipo vipele vikamtoka. Hapo ndipo watu wanapotegwa: unakula baada ya Isha, unabanwa pumzi usiku wa manane, na nyama huishuku kabisa.

Msiseme ni ya Wazungu. Mwaka 2018 watafiti waliuandika kwa watu wa vijijini Eastern Cape, Afrika Kusini. Na sisi wafugaji wa Rungwe, kupe tunawajua kwa ndigana tu.

Sasa alama ya halali. Yenyewe inajibu swali jingine: kuna nguruwe humu? Mnyama alichinjwaje? Jelatini ndiyo iliyowaumiza vichwa wanazuoni. Mwaka 1995 kongamano la fiqhi na tiba Kuwait lilisema jelatini iliyobadilika asili yake ni tohara hata ikitoka kwa mnyama najisi. Wengi hawakukubali, na sisi Mashafii mlango huo wa istihala kwetu ni mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe, na machache mengine. Viwanda vikatafuta jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, nasi tukapumua.

Mgonjwa wetu hakupumua. Kuchinja kunahalalisha nyama, hakuondoi alfa-gal.

Basi asome viambato vyenyewe. Pipi laini za kutafuna: jelatini. Vidonge vya supu: nyama au mafuta ya ng'ombe. Biskuti: mafuta ya wanyama, au E471, ambayo huweza kutoka kwa mmea au mnyama. Maziwa na samli huwadhuru baadhi tu. Hilo aamue na daktari wake. Pakiti isiyo na orodha aiache dukani. Na dawa za kapsuli, amuulize mfamasia ganda lake limetengenezwa na nini kabla hajameza.