Kuku Asiye na Mama: Maji ya Kuku Kamembe, Jana na Leo

Mfugaji wa Kamembe, nchini Rwanda, anayefunga leo bomba la chuchu bandani, lile lenye vipini vidogo vya chuma vinavyoachia tone kuku akividonoa, huambiwa kwamba itabidi kuku wake wafundishwe kulitumia. Wengi hulichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba kuku wa siku hizi ni mjinga, tofauti na yule wa kienyeji ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kunywa. Naona lawama hiyo imemwangukia asiyestahili. Kuku wa zamani naye alifundishwa, ila mwalimu wake alikuwa mama yake, na kazi hiyo ikamhamia binadamu siku alipomweka mama kando na kutotolesha mayai kwa mashine.

Katika Rwanda ya wafalme, mfugo wa heshima alikuwa ng'ombe. Kuku alikuwa wa uani tu, isipokuwa mikononi mwa wapiga ramli, ambao walimtia kifaranga mdomoni mate ya mwenye shida, kisha wakampasua na kusoma matumbo yake. Hapo ndipo mtu alipojisumbua kumnywesha ndege huyo kwa mkono wake, na wala haikuwa kwa faida ya kuku. Siku nyingine alijitafutia. Kamembe iko kwenye vilima vya ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ziwa ambalo lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya huko hukatika hasa kati ya Juni na Agosti. Maji hayakuwa mbali: dimbwi la njiani, jani la mgomba lenye umande, kigae cha chungu kilichovunjika. Mama kuku alitangulia, akadonoa, akainua kichwa ili maji yateremke, maana hawezi kuyavuta kama njiwa, vifaranga wakamwiga.

Ushahidi kwamba kifaranga anahitaji kuonyeshwa ulipatikana mbali na hapa. Nchini Uingereza, mwanasaikolojia C. Lloyd Morgan alilea vifaranga waliototolewa kwa mashine na kuandika habari zao katika kitabu chake Habit and Instinct cha mwaka 1896. Vifaranga hao, pamoja na kiu yao, walisimama ndani ya chombo cha maji bila kuyajali. Mmoja alipodonoa vidole vyake mwenyewe, mdomo ukagusa maji, papo hapo akanywa na kuinua kichwa. Namna ya kunywa anazaliwa nayo. Kujua kwa macho kwamba haya ni maji, la. Atakayesema huo ni upungufu wa mbegu za kisasa akumbuke miaka. Mashindano ya Kuku wa Kesho, yaliyochochea uzalishaji wa kuku wa nyama tunaowajua leo, yalifikia kilele huko Marekani mwaka 1948, zaidi ya nusu karne baada ya vifaranga wa Morgan.

Kilichobadilika Kamembe ni soko na ua. Ng'ambo ya mto Rusizi uko Bukavu, mji mkubwa wa Kongo wenye walaji wengi, na mayai na kuku hai huvuka mpaka mikononi mwa wachuuzi, wengi wao wanawake. Kuku wa biashara hawezi kuachwa azurure. Hufungiwa, na akifungiwa, maji yake yanakuwa jukumu la mtu. Kinyesi kinaingia kwenye beseni, na pamoja nacho vimelea vya kuhara damu; virusi vya kideri navyo huenea kwa maji hayohayo. Wapo wasemao kopo la zamani linatosha, na kwa mwenye kuku watano wanaotembea wako sahihi kabisa. Mwenye mia mbili bandani ana hesabu nyingine. Hata chanjo ya kideri, inapotolewa kwa maji ya kunywa, haifai kuwekwa kwenye kopo la chuma wala kuchanganywa na maji yenye klorini, kwa kuwa vyote viwili huua virusi dhaifu vya chanjo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaoshauri kuondoa beseni mara moja bomba likishafungwa: kiu, wanasema, ndiyo mwalimu. Lakini vifaranga wa Morgan walikuwa na kiu na maji yalikuwa miguuni mwao. Kuku mkubwa anayetaga akikosa maji siku nzima hupunguza mayai, na hasara hiyo mfugaji ataiona kabla kuku hajajifunza chochote. Wanaofanikiwa huiga alichofanya mama kuku, wajue wasijue. Huliacha beseni palepale siku za mwanzo. Huteremsha bomba hadi usawa wa jicho la kifaranga, hugusa kipini kwa kidole mpaka tone ling'ae na kuning'inia, kisha hugusisha tone hilo midomo ya vifaranga wachache tu, maana wenzao watadonoa wanapowaona wakidonoa. Vifaranga wakirefuka, bomba nalo hupandishwa kidogo kidogo, ili wanywe wakiwa wamenyoosha shingo na tone lianguke mdomoni badala ya kulowesha maranda.