Kazi za Septemba katika Lupango: Historia ya Bustani za Nyumbani mjini Kindu

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kando ya mto Lualaba, nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, mahali ambapo mwaka haugawanyiki katika majira manne ya nchi za baridi, bali katika msimu mrefu wa mvua na kiangazi kifupi cha kati ya Juni na Agosti. Kazi za kusafisha, kutifua na kupanda, ambazo Ulaya hungoja theluji iyeyuke, hapa hufanywa kiangazi kinapokwisha, mwezi Septemba, na mahali pake ni lupango, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba, ua, jiko na kipande cha kulima. Historia ya Kindu imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata reli, bandari na vita. Ukitazamwa kutoka uani, mji huohuo unaonekana kuwa mji wa watu waliolazimika, zaidi ya mara moja, kujilisha kwa jembe la nyumbani.

Mimea ya bustani hizo haikufika kwa wakati mmoja. Migomba na viazi vikuu ni vya kale sana katika misitu hii, ilhali muhogo na mahindi vilitoka Amerika na kusambaa barani kwa karne kadhaa baada ya Wareno kuvileta katika pwani ya Atlantiki. Nusu ya pili ya karne ya 19 wakafika wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar na pwani ya mashariki, wakajenga vituo vya Nyangwe na Kasongo, kusini mwa Kindu ya leo. David Livingstone, aliyekaa Nyangwe mwaka 1871, alikuta soko kubwa lililoendeshwa na wanawake, jambo linaloonyesha kwamba wakulima wa Maniema walikuwa na ziada ya kuuza bila kufundishwa na mgeni yeyote. Wageni waliongeza mpunga na miti ya matunda. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nayo, alistaajabia bustani zake za machungwa, mapera, makomamanga, maembe na mananasi. Sifa hizo zinastahili kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mikono iliyozilima bustani hizo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa.

Kindu yenyewe ilikua kwa ajili ya reli. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya Baron Empain wa Ubelgiji, iliunganisha sehemu za mto zinazopitika kwa meli kwa reli zilizokwepa zile zenye maporomoko, na kufikia mwaka 1911 treni zilikuwa zikitoka Kindu hadi Kongolo. Vibarua na mabaharia walihitaji chakula, na serikali ya kikoloni ikayageukia mashamba ya vijijini: kuanzia mwaka 1917 sheria iliruhusu kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa kwa siku 60 kwa mwaka, muda ulioongezwa hadi siku 120 mwaka 1942, na katika Maniema mazao hayo yalikuwa hasa mpunga na pamba. Amri hizo zililenga mashamba, nayo bustani ya uani ikabaki mikononi mwa akina mama, nje ya madaftari ya maofisa, na huenda ndiyo sababu imeacha maandishi machache kuliko umri wake.

Kazi za bustani hiyo ni za mpangilio. Kwanza ua hufagiliwa, majani makavu hukusanywa na kuchomwa, na jivu lake, pamoja na lile la jikoni na kinyesi cha kuku, huchanganywa na udongo wa matuta, yaani vitalu vilivyoinuliwa ili mvua kubwa isituamishe maji penye mizizi. Mifereji ya pembeni huzibuliwa mapema, kwa sababu mvua za mwanzo huweza kuubeba udongo uliotifuliwa. Mbegu za lengalenga, mboga ambayo Watanzania huiita mchicha, ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusiwa ili zisirundikane mahali pamoja. Muhogo haupandwi kwa mbegu: shina lililokomaa hukatwa vipande vya sentimita 20 hadi 30, kila kimoja kikiwa na macho kadhaa, yaani vichomozo ambamo chipukizi hutokea, na shina lenye majani yaliyokunjamana na madoa ya njano, dalili za ugonjwa wa batobato, huachwa. Lengalenga huvunwa baada ya wiki chache. Majani ya muhogo, ambayo hutwangwa na kupikwa kwa muda mrefu na mawese yakawa sombe, hufuata miezi michache baadaye. Mizizi huja mwisho, mara nyingi baada ya mwaka mzima. Mpangilio huu umefuata njaa zaidi ya kitu kingine chochote, kwa kuwa mwanzo wa mvua ndio wakati ghala hupungua.

Thamani ya bustani ya uani ilidhihirika wakati wa Vita vya Pili vya Kongo. Waasi wa RCD waliuteka mji mwezi Oktoba 1998, huku vijiji vingi vya jirani vikishikwa na wanamgambo wa kienyeji wa Mai-Mai, na hali ilipokuwa mbaya zaidi, hasa mwaka 2002, kwenda shambani kulimaanisha kuhatarisha maisha, na treni za Katanga zilikuwa zimekoma kufika. Mbuzi na kuku walioporwa hawakurudi upesi, lakini shina la muhogo lililokatwa hutoa majani tena, na kwa hiyo uani ndipo palipobaki mboga. Treni kutoka Lubumbashi ilifika tena mwaka 2004, ikaleta bidhaa za dukani. Safari zake, hata hivyo, zimekuwa chache na zisizotabirika, na familia za mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli zimeendelea kupanda muhogo uani kila mvua zinaporejea.