Nani Ameshika Ufunguo wa Modeli ya Jengo?

Kwa karne nyingi mchoro wa jengo ulikuwa karatasi. Mkandarasi aliyekabidhiwa karatasi hiyo aliweza kukosana na msanifu wake juu ya malipo, lakini mchoro ulibaki mkononi mwake. Mwaka 1975 msomi wa Marekani, Charles Eastman, alipendekeza kompyuta ichukue nafasi ya michoro, ili jengo lote lihifadhiwe kama kumbukumbu moja. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikaagiza kwamba ifikapo 2016 miradi yake itumie modeli za kidijitali zinazoshirikisha wote wanaojenga.

Sheria ilijitahidi kwenda sambamba. Mwaka 2013 lilitolewa nchini humo tamko la masharti ya kuambatanishwa na mikataba ya ujenzi, likieleza nani aandae sehemu gani ya modeli, na nani aruhusiwe kuitumia. Wanasheria walijadili sana hakimiliki. Mgogoro mkubwa, hata hivyo, ulizuka kwenye jambo dogo zaidi: nywila.

Mkandarasi Trant alikuwa akijenga kituo cha umeme katika visiwa vya Falkland kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, mradi wa takriban pauni milioni 55. Mshauri wake wa usanifu, Mott MacDonald, ndiye aliyesimamia hifadhi ya pamoja ya modeli. Walipogombania malipo, mshauri alisitisha kazi na kufuta nywila za mkandarasi. Hata masharti ya mkataba yaliyowafunga yalikuwa na ubishi. Mwaka 2017 Jaji O'Farrell wa Mahakama Kuu aliamuru mkandarasi arudishiwe njia ya kuzifikia data za usanifu, kwa sharti kwamba aweke mahakamani pauni 475,000 hadi shauri litakapoamuliwa.

Tuzingatie kilichoamuliwa. Mahakama haikusema nani anamdai nani. Ilizuia tu mradi usikwame wakati deni likibishaniwa. Wala haikumwacha mshauri mikono mitupu, kwa kuwa naye alikuwa na haki ya kuhofia jasho lake. Somo ninaloliona ni kwamba kumiliki modeli ni jambo moja, na kuweza kuifungua ni jambo jingine. Mkataba unaonyamaza kuhusu hilo la pili humpa nguvu yule anayesimamia seva.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu za Afrika Mashariki, ingawa mawakili wetu huzinukuu kama hoja za kushawishi. Mtumishi wa umma anayeandaa zabuni asisubiri kunukuliwa. Aulize kabla ya kutia saini: modeli itahifadhiwa wapi, nani atagawa nywila, nakala itakabidhiwa lini, na siku tukigombana, nani ataendelea kuiona? Hospitali au daraja la umma halipaswi kusimama kwa sababu mtu mmoja amebadilisha nywila.