Kinyumba cha Pembeni mwa Tangazo

Tazama tangazo la mkopo wa nyumba nchini Marekani. Pembeni utaona kinembo: paa, kuta, na ndani yake alama ya sawasawa, pamoja na maneno kwamba benki hukopesha wote kwa usawa. Kinembo hicho kina historia chungu.

Miaka ya 1930 shirika la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu, ishara kwamba ni hatari kukopesha huko. Nayo FHA, iliyoundwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, iliikwepa mitaa ya aina hiyo. Baba mwenye kazi na akiba, asiyedaiwa na mtu, alirudi mikono mitupu kwa sababu ya rangi yake. Kwa kunyimwa mikopo hivyo, familia nyingi za weusi Chicago zililazimika kununua nyumba kwa mikataba ya kinyonyaji: ukikosa kulipa mwezi mmoja, uliweza kupoteza nyumba na fedha zote ulizokwisha kulipa. Martin Luther King alihamia huko mwaka 1966 kupigania makazi. Aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Siku saba baadaye Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usawa katika makazi.

Ndipo benki zikatakiwa kutamka usawa hadharani. Zile zilizo chini ya FDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hubandika bango lisilopungua inchi 11 kwa 14 mahali wateja wanapoliona, na kila tangazo la mkopo wa nyumba hubeba ujumbe huo. Redioni husemwa kwa mdomo. Hata barua, ikinadi mikopo hiyo, huhesabiwa tangazo. Sheria yenyewe nayo ilipanuliwa: ubaguzi wa jinsia ulikatazwa mwaka 1974, kisha ule dhidi ya wenye ulemavu na familia zenye watoto mwaka 1988.

Lakini kutamka si kutenda. Sheria ya 1975 ilizitaka benki zitoe takwimu za mikopo yao, na takwimu hizo ndizo zilizofichua mengi. Mwaka 1988 gazeti moja la Atlanta lilionyesha kuwa mitaa ya wazungu ilipata mikopo mara tano zaidi ya mitaa ya weusi wenye kipato kilekile.

Ndugu msomaji uliyeko Marekani, ukinyimwa mkopo, dai sababu kwa maandishi. Ukiona umebaguliwa, una mwaka mmoja wa kupeleka malalamiko HUD, wizara ya makazi, bila malipo.