Abdus Salam na Chembe za Msingi

Shuleni tulifundishwa kuwa vitu vimeundwa kwa atomu. Ndani ya atomu mna elektroni, iliyogunduliwa mwaka 1897, na kiini chenye protoni na nyutroni, ambazo nazo zimeundwa kwa kwaki. Elektroni na kwaki hazijapata kugawanywa, ndiyo maana huitwa chembe za msingi.

Abdus Salam, mzaliwa wa Punjab mwaka 1926, ni mmoja wa watatu walioonyesha kuwa nguvu ya sumaku-umeme na nguvu hafifu ya ndani ya kiini asili yake ni moja. Walitunukiwa Nobel mwaka 1979, na mwaka 1983 chembe za W na Z walizozitabiri zikapatikana CERN, Geneva.

Linalotugusa zaidi ni hili. Mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha, asipate wenzake wa utafiti. Mwaka 1954 akalazimika kurejea Uingereza. Ili wengine wasilazimike kuchagua baina ya nchi na elimu, mwaka 1964 alianzisha kituo Trieste, Italia. Taasisi mshirika wa kituo hicho ilianzishwa Kigali mwaka 2018.

Basi wazazi, mtoto akiuliza ndani ya atomu mna nini, tusimnyamazishe. Njia sasa ipo karibu.