Saa Ambazo Mwamba Haukatwi: Historia ya Gharama na Kasi ya Kuchoronga Visima

Gharama ya kuchoronga kisima kirefu, kiwe cha maji ya chumvi, cha mafuta au cha mvuke, tangu zamani imekuwa kwa sehemu kubwa gharama ya muda, kwa kuwa mtambo, wafanyakazi wake na nishati ya kuuendesha hulipiwa kila siku, hata siku ambayo kina cha kisima hakikuongezeka. Waliotaka kupunguza gharama hiyo walitafuta kwanza namna ya kukata mwamba kwa kasi zaidi, na ndiyo maana historia ya kazi hii husimuliwa mara nyingi kuwa ni mfululizo wa biti bora, biti ikiwa ni kichwa cha chuma kinachokutana na mwamba chini kabisa ya shimo. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu mkubwa, kwa sababu saa nyingi zilipotea, na bado hupotea, wakati mwamba haukatwi kabisa: mabomba yanapopandishwa na kushushwa, kifaa kilichokatikia chini kinapoopolewa, saruji inaposubiriwa igande, au mtambo unapohamishwa. Maendeleo yaliyodumu yaliletwa, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokubaliwa, na wale waliozishughulikia saa hizo.

Katika eneo la Zigong, mkoani Sichuan nchini China, wachimbaji wa visima vya chumvi walitumia kwa karne nyingi mbinu ya kupiga: biti nzito ya chuma ilining'inizwa kwa kamba ya mianzi iliyosokotwa, ikainuliwa kwa watu kukanyaga ubao mrefu wa wenzo, kisha ikaachiwa idondoke na kuuponda mwamba. Kila baada ya muda kazi ilisimama ili bomba la mwanzi lenye vali ya ngozi literemshwe kuchota chenga za mwamba zilizochanganyika na maji. Kisima cha Shenhai, kilichoanzwa mwaka 1823, kilifika kina cha takribani mita 1,001 mwaka 1835, kikawa cha kwanza duniani kuvuka mita 1,000, ingawa wastani wake haukufika hata sentimita 25 kwa siku. Subira hiyo iliwezekana kwa sababu wenye mitaji waligawana hisa za kisima kimoja, na kwa sababu chumvi na gesi vilivyopatikana vililipa miaka ya kungoja.

Subira ya namna hiyo haikuwapo Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako Edwin Drake, aliyewahi kuwa kondakta wa treni, alitumwa na kampuni ya Seneca Oil kutafuta mafuta. Fundi wake, mhunzi William Smith, alikuwa ametengeneza vifaa vya visima vya chumvi na aliijua mbinu ya kupiga, safari hii ikiendeshwa kwa injini ndogo ya mvuke. Kilichowashinda mwanzoni hakikuwa ugumu wa mwamba bali ulaini wa udongo wa juu, kwa sababu mchanga na kokoto zenye maji ziliporomoka na kufukia shimo kila lilipochimbwa. Drake aliamua kushindilia mabomba ya chuma, kipande juu ya kipande, hadi yalipogota mwamba kwenye kina cha takribani mita 10, kisha biti ikafanya kazi ndani ya bomba hilo, ambamo udongo haukuweza kuingia. Kutoka hapo waliendelea kwa takribani mita moja kwa siku, na tarehe 27 Agosti 1859 wakafika mita 21 hivi, ambako mafuta yalionekana yakielea siku iliyofuata. Wenye kampuni walikuwa wamekwisha kata tamaa, na Drake alikuwa akiendesha kazi kwa fedha za mkopo. Barua ya kumwagiza asimamishe kazi ilimfikia mafuta yakiwa yamekwisha patikana.

Bomba hilo halikuongeza kasi ya biti hata kidogo, ila liliondoa siku za kufukua upya shimo lililoporomoka, na hilo ndilo lililokiwezesha kisima kukamilika kabla fedha hazijaisha. Drake hakulisajili kuwa uvumbuzi wake, akaishia katika umaskini hadi jimbo la Pennsylvania lilipompa pensheni mwaka 1873. Ni haki kusema kwamba tasnia ya mafuta haikumlipa ipasavyo mtu aliyeipa kifaa ambacho hakuna kisima kirefu kinachoweza kukikosa.

Mbinu ya kupiga ilikuwa na kasoro isiyotibika, kwamba ilimlazimu mchorongaji kusimama kila mara ili kuchota chenga. Mbinu ya kuzungusha, iliyoenea Texas katika miaka ya 1890, iliunganisha kazi hizo mbili: biti ilizungushwa kwenye ncha ya bomba lenye uwazi, na maji yaliyosukumwa kupitia bomba hilo yakapanda nje yake yakibeba chenga hadi juu. Katika kilima cha Spindletop karibu na Beaumont, ndugu wa ukoo wa Hamill, waliofanya kazi kwa ajili ya Anthony Lucas, walikutana na mchanga mlegevu ambao maji matupu hayakuweza kuuzuia, wakatumia maji yaliyovurugwa na udongo, na husimuliwa kwamba ng'ombe ndio waliotembezwa dimbwini ili kuyavuruga. Tope hilo zito liliegemea kuta za shimo na kuzipaka utando uliozuia mchanga kuporomoka. Tarehe 10 Januari 1901 kisima hicho kililipuka mafuta, na tope la kuchorongea, ambalo leo lina wataalamu wake maalumu, likaanza kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya lazima.

Biti ya kuzungusha ya wakati huo, iliyofanana na mkia wa samaki, ilikwangua miamba laini vizuri lakini ikabutuka upesi ilipokutana na mwamba mgumu. Howard Hughes, baba wa tajiri maarufu mwenye jina hilohilo, akishirikiana na Walter Sharp, alitengeneza biti yenye pia mbili zenye meno, ambazo zilibiringika juu ya mwamba na kuusaga badala ya kuukwangua, akapewa hataza mwaka 1909. Katika jaribio la Goose Creek, Texas, biti hiyo ilitoboa futi 14, yaani zaidi ya mita 4, kwa saa 11, mahali ambapo biti za awali zilikuwa zimeshindwa. Kampuni yao ilizikodisha biti hizo badala ya kuziuza. Biti ya pia tatu ilifuata mwaka 1933, meno ya kabidi ya tungsteni mwaka 1951, na katika miaka ya 1970 zikaja biti zenye vipande vya almasi ya kutengenezwa viwandani, ambazo hazina sehemu inayobiringika na kwa hiyo huweza kukaa chini kwa muda mrefu.

Kukaa chini kwa muda mrefu ndiko kulikobadilisha hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Gharama ya mita moja hupatikana kwa kujumlisha bei ya biti na gharama ya saa zote za mtambo, za kukata na za kupandisha na kushusha mabomba ili kubadilisha biti, kisha kugawanya kwa mita zilizotobolewa. Mtambo ukigharimu dola 1,000 kwa saa, na safari moja ya mabomba ikichukua saa 8, biti ya dola 5,000 inayokata mita 10 kwa saa na kuchakaa baada ya saa 20 huleta gharama ya dola 165 kwa mita. Biti ya dola 20,000 inayokata mita 9 tu kwa saa, lakini ikadumu saa 80, huishusha gharama hadi dola 150. Biti iliyo ghali mara nne na yenye kasi ndogo hutoa mita ya bei nafuu, kwa sababu huwaepushia wafanyakazi safari tatu za mabomba.

Umoja wa Kisovieti ulionyesha hatari ya kuisahau hesabu hiyo. Matvei Kapelyushnikov alibuni huko Baku, mwaka 1922, turbodrili, yaani mota inayokaa chini karibu na biti na kuzungushwa na tope lenyewe, na katika miaka ya 1950 sehemu kubwa ya visima vya nchi hiyo ilichorongwa kwa mota za aina hiyo. Zilikata mwamba haraka kwelikweli, lakini mzunguko wao wa kasi ulichakaza biti upesi, na kadiri visima vilivyorefuka ndivyo saa za kubadilisha biti zilivyomeza faida yote. Isitoshe, mpango wa taifa ulipima kazi kwa idadi ya mita zilizotobolewa, hivyo vikosi vya uchorongaji vilipendelea visima vifupi vilivyojaza hesabu na kukwepa vile virefu vilivyohitajika.

Saa hizo zilizopotea hupunguzwa pia kwa kujifunza kutoka kisima kimoja hadi kingine. Mwaka 1986 wahandisi Brett na Millheim walichapisha utafiti uliopanga visima vya eneo moja kwa mfuatano wa kuchorongwa kwake na kuonyesha kwamba muda hushuka upesi katika visima vya mwanzo, kisha hufikia kiwango ambacho hauteremki tena kwa urahisi. Waliufanya uwezo wa kujifunza uweze kupimwa, na kuanzia hapo meneja aliweza kuulizwa ni kwa nini kisima chake cha kumi kilichukua siku nyingi sawa na cha pili.

Swali hilo lina uzito wa pekee Olkaria, karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako kinachotafutwa ni mvuke wa jotoardhi. Visima viwili vya kwanza, vilivyochorongwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, havikutoa mvuke wa kutumika, kazi ikaachwa hadi ilipofufuliwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1970. Umeme wa kwanza, megawati 15, ulipatikana mwaka 1981, na mashine ya tatu ya ukubwa huo ikafungwa mwaka 1985.

Mwamba wa Olkaria ni wa volkano, una nyufa nyingi, na nyufa hizo hizo zinazoleta mvuke ndizo zinazommaliza mchorongaji, kwa kuwa tope linalosukumwa chini humezwa nazo na haliwezi kurudi juu na chenga. Chenga zikibaki shimoni huyabana mabomba, na mabomba yaliyobanwa huweza kuchukua siku nyingi kuopolewa, au kukilazimisha kisima kuachwa. Mabomba ya kinga nayo, ambayo kwa kawaida hupungua kutoka kipenyo cha inchi 20 hadi 13⅜ na kisha 9⅝, lazima yashikwe na saruji kutoka chini hadi usoni mwa ardhi, kwa sababu chuma hutanuka kinapopata joto na pengo lolote huweza kukipinda. Lakini saruji ikimiminwa, nyufa huimeza pia, na wafanyakazi humimina, husubiri igande, hupima, humimina tena. Hizo ndizo saa ambazo hakuna biti inayoweza kuzifupisha.

Zilifupishwa kwa njia nyingine. Hewa na povu vilichanganywa na maji ili kupunguza uzito wa safu iliyomo shimoni, hivyo kiasi kidogo zaidi kikamezwa na chenga zikapanda. Visima kadhaa vilianza kuchorongwa kutoka uwanja mmoja, vikipindishwa chini kwa chini kuelekea pande tofauti, ili mtambo usogee hatua chache badala ya kufunguliwa na kusafirishwa kwa malori. Serikali iliunda mwaka 2008 kampuni ya umma ya GDC, ambayo ilinunua mitambo yake yenyewe na kuanza kuchoronga Menengai, karibu na Nakuru, mwaka 2011, ili hatari ya visima vya mwanzo ibebwe na umma badala ya kumfukuza mwekezaji.

Umuhimu wa hatua hiyo ya mwisho unazidi wa nyingine zote, kwa sababu mkandarasi wa kigeni anapoondoka na wafanyakazi wake huondoka pia na kumbukumbu ya mahali tope lilipomezwa na namna ya kupapita. Waliobaki Naivasha na Nakuru ni wachorongaji Wakenya waliopanda vyeo katika jukwaa la mtambo hadi kuwa wasimamizi wa zamu. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ilipata kandarasi za kuchoronga visima vya jotoardhi nchini Ethiopia mwaka 2019 na nchini Jibuti mwaka 2021, ikipeleka wataalamu waliojifunza kazi hiyo katika nyufa za Olkaria.