Nyiragongo: vipimio vya volkano, toka kalamu ya wino hadi setilaiti

Toka mwaka 1977, volkano ya Nyiragongo imemwaga lava kuelekea Goma na vijiji vya karibu mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Kuichunga ni kazi ya OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano kilichoanzishwa mwaka 1986.

Zamani, kipimio kilikuwa mashine yenye kalamu iliyochora mitetemeko ya udongo kwenye karatasi yenye kuzunguka. Mwaka 2002, vituo viwili tu ndivyo vilikuwa vinatumika, Katale na Bulengo. Hata hivyo watafiti waliona dalili, wakaonya, lakini hawakusikilizwa. Lava ilipita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani Kivu.

Kisha pale, vyombo viliongezeka. Kuna vipimio vya kidijitali vinavyotuma habari papo hapo, GPS zinazoonyesha kama udongo unavimba ao unapasuka, vyombo vya kupima gesi ya salfa ndani ya moshi, pamoja na setilaiti.

Lakini kipimio bila makuta ni chuma tu. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha, na OVG ikakaa miezi bila pesa ya kulipa intaneti. Tena, mwaka 2021 ulifundisha jambo lingine: dalili za wazi zilionekana chini ya saa moja mbele ya lava kutoka. Lava ilikuwa tayari juu ndani ya mlima. Ubavu ulipasuka tu, ikateremuka. Watu karibu 30 walikufa.

Magumu ya kesho ni mengi. Betri na sola zinaibiwa kwenye vituo. Vita inazuia mafundi kupanda mlimani kutengeneza kilichoharibika. Mazuku, ile gesi isiyo na harufu inayojificha mabondeni, inaua watu na mifugo bila mlima kutikisika, kwa hiyo nayo inahitaji vipimio vyake.

Na kama onyo ni la dakika 40, kipimio peke yake hakiokoe mtu. Inafaa habari itoke OVG, ipite kwa redio na kwa wakubwa wa mitaa, na kila jamaa ijue tayari njia ya kukimbilia: kijani, manjano, machungwa ao nyekundu, rangi ya tahadhari haina maana kwa mutu asiyejua pa kwenda.